Wali wa Maziwa kwa Mogga

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya nne leo. Mume wangu, Mogga, hajala. Uji — hapana. Supu ya samaki — hapana. Hata chai ameigeuzia uso. Ni dripu ya nesi wa zahanati tu inayomshikilia. Kijiko kikifika mdomoni anakaza meno, kisha anageukia ukuta.

Kiharusi kilimpiga tarehe 14 mwezi uliopita, akifunga turubai la lori lake. Upande wa kulia wote ukalala: mkono, mguu, nusu ya uso. Maneno yakaondoka. Hospitali walikaa naye siku kumi na moja, wakasema nendeni mkamtunze nyumbani. Nyumbani ni hapa Gudele, huku kwao Sudani, vyumba viwili na baraza, kajenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila akirudi safari.

Leo dada yake mkubwa, Victoria, alikuja na Pitia, mdogo wao wa mwisho. Wakakaa barazani chini ya dirisha la mgonjwa, wakaongea Kibari, lugha yao. Kibari changu mimi ni cha sokoni. Lakini neno Ngangala nalijua, ndiko kijijini kwao, ng'ambo ya mto, barabara mashimo matupu. Na Pitia huchanganya Kiarabu. Nikasikia *gabur*. Hilo halihitaji mkalimani.

Nikatoka. Victoria akasema kwa Kiarabu, lugha yetu ya pamoja, kwa upole kabisa: Mama Shallon, umechoka. Jumapili ya tarehe 17 tutaleta gari, tumpeleke kwao akapumzike na babu zake.

Akapumzike! Mtu anapumua!

Nikasema haendi. Pitia akanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa Busia. Miaka ishirini na tano nimelala kitanda kimoja na kaka yake, bado ni mtu wa Busia.

Walipoondoka nikaenda kufunga lile dirisha, ndipo nikaelewa. Alhamisi pia walikaa pale pale, wakaongea yale yale, dirisha wazi. Ulimi wa Mogga umekufa, masikio hayajafa. Amewasikia wakipanga kaburi lake — na amekubali.

Mimi sijakubali.

Naandika Kiswahili makusudi. Nilikisomea shule, upande wa Kenya. Victoria anakisikia kidogo, kukisoma hawezi. Daftari hili naweza kuliacha mezani limefunguliwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Shallon, binti yetu. Ni nesi Gulu. Kwanza alilia, halafu akawa nesi. Mama, usimpe vitu vya majimaji, vitampalia. Mpe kitu kizito, laini, kisicho na punje ngumu. Mkalishe wima. Kidevu kiinamie kifua. Kijiko cha chai, si kile kikubwa. Weka upande wa kushoto wa mdomo, ndio uliobaki na nguvu. Subiri ameze. Halafu akauliza: baba anapenda nini?

Swali gani hilo! Anajua.

Wali wa maziwa. Nilipokuwa na hoteli yangu ndogo Busia, madereva wote waliomba nyama. Huyu mmoja, mkimbizi mrefu mweusi wa Sudani, aliomba wali wa maziwa wenye mdalasini. Akarudi tena. Alikuwa akisema safari nne alikuja kwa ajili ya wali, ya tano akaja kwa ajili yangu. Muongo. Ya tano pia alikula sahani mbili.

Lakini huu wa kawaida, wa jiko la makaa, punje zinabaki punje. Nataka ziyeyuke. Ziwe kama malai.

Nimekumbuka ile sufuria ya umeme, ile ya kupika polepole. Nyumba ya wageni ya mtaa wa Hai Cinema, nilikokuwa napika kabla ya ugonjwa huu, kuna mgeni alihama akaiacha. Hakuna aliyeitaka. Iko chini ya kitanda, imejaa vitunguu. Ndani ina chungu kizito cheupe, juu kifuniko cha kioo. Swichi ina hatua tatu: chini, juu, na ya kupasha tu. Nilijaribu maharage mara moja, nikasema hii ni sufuria ya watu wasio na njaa.

Nimeiosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa mbili asubuhi nikaweka mchele, maji, maziwa ya unga, sukari kidogo, mdalasini, hiliki tatu. Nikawasha. Nikamwambia Mogga: leo utakula, bwana. Akafumba macho.

Saa nne umeme ukakatika.

Nikangoja. Nikaifunika blanketi. Nikangoja tena. Saa tisa umeme haujarudi, nikafungua — mchele umevimba nusu, katikati mbichi, maziwa yameanza kuchacha kwa joto la uvuguvugu. Nikawamwagia kuku wa jirani.

Victoria alikuwa amefika, akayaona yote. Akauliza ninapika nini. Nikamwambia. Akasema, mtu anakufa na wewe unampikia vitu vya harusi?

Nikasema ndiyo. Vitu vya harusi!

Ijumaa, 8 Agosti

Nyaduoth ana kibanda cha kuchaji simu pale kona. Sola nne juu ya bati, betri kubwa za lori chini ya meza. Mwanamke mkali, mjane, hapendi mchezo. Nimebeba sufuria kichwani mpaka kwake. Nimemweleza, mume wangu hali, hii inakula umeme kidogo kuliko pasi, lakini inataka saa nyingi.

Akaigusa. Akauliza, hii naye anataka asilimia ngapi?

Saa sita hivi, nikasema.

"Mimi iko na jua, wewe iko na mchele," akasema. "Weka hapo. Lakini mimi pia nakula."

Basi ikakaa katikati ya simu kama arobaini, na nyaya zake. Kila anayekuja kuchukua simu anauliza hiyo ni redio ya namna gani. Mwingine akataka kuinunua.

Kwa haraka yangu nikaweka swichi juu. Kosa! Saa saba mchana harufu ya kuungua. Pembeni ukoko mweusi, katikati maziwa yamekatika, mabonge na maji. Na kifuniko kinatoa jasho, linadondoka ndani, chakula kinajililia chenyewe.

Nyaduoth alikula hata hivyo. Alikwangua mpaka ukoko. Akasema: kesho weka chini. Wewe unapika kama mtu anafukuzwa.

Ni kweli. Nafukuzwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimepika kwa akili. Niandike nisisahau:

Chungu kipakwe siagi kwanza, mpaka juu. Mchele ule mfupi, mnene, uoshwe mara moja tu, wanga wake ubaki. Kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe vitano. Chumvi ya vidole viwili. Mdalasini mzima, hiliki zilizopondwa. Swichi chini. Kitambaa safi kikunjwe chini ya kifuniko, kinywe lile jasho. Kila baada ya saa moja koroga, ukigusa chini. Maziwa ya unga yasiingie mwanzo! Yakorogwe pembeni na maji ya moto, mazito, yaingie saa ya tano. Sukari pamoja nayo. Halafu iache. Usichungulie chungulie.

Saa nane mchana nikafunua.

Ee Mungu. Mzito, mweupe wa kuelekea dhahabu, juu ngozi nyembamba. Punje ukiibonyeza inakwisha. Watu wa simu wakageuka kufuata harufu. Nyaduoth akachukua bakuli lake, akaenda nyuma ya kibanda. Akala akarudi, akasema mama yake aliwapikia hivi kule kwao Nasir, walipokuwa na ng'ombe.

Nikakimbia nyumbani, bakuli kwenye kanga. Nikamkalisha Mogga wima, mto kulia asianguke. Kidevu chini. Kijiko cha chai. Upande wa kushoto.

Meno.

Nikajaribu tena. Meno. Ukatiririka kidevuni.

Basi nikapandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikakaa mbele yake, nikaula mwenyewe. Bakuli zima. Kijiko baada ya kijiko, nikimtazama. Nikamwambia: nakujua, umewasikia. Wamekuhesabu maiti na wewe kwa adabu zako umewaitikia. Ukitaka kufa, Mogga, kufa, lakini iwe shauri lako, isiwe shauri la kikao cha barazani! Na ukifa kwa njaa na chakula kiko mbele yako nitawaambia Wabari wote kwamba hukufa kwa kiharusi, ulikufa kwa woga.

Nikaweka bakuli chini. Maneno gani hayo ya kumwambia mgonjwa.

Jicho lake la kushoto likatoa chozi. La kulia hutoa machozi muda wote, hilo silihesabu. La kushoto.

Sikuomba msamaha.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Mvua kutwa, hakuna jua, hakuna sufuria. Nimemlowesha midomo kwa pamba. Mbavu zake naweza kuzishika moja moja.

Jumanne, 12 Agosti

AMEKULA!

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Nimerudi kutoka kwa Nyaduoth saa tisa, wali bado unatoa moshi. Nimemkalisha. Sikumbembeleza. Nimeshika kijiko tu pale mbele ya mdomo, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na hana haraka. Nilikaa hivyo mpaka bega likauma.

Akafungua.

Kidogo, kama upana wa kucha. Nikaingiza. Akakaa nao mdomoni muda mrefu, nikaanza kuogopa. Halafu koo likapanda, likashuka. Limeshuka! Nikamwangalia asikohoe. Hakukohoa. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kikatoka nje kidogo, nikakirudisha. Saba. Vijiko saba vya chai.

Halafu akatoa sauti. Nikadhani amepaliwa, nikaweka bakuli chini. Akatoa tena. Ulimi unaburutika kama gari lililofungwa kamba. Nikainamisha sikio mdomoni mwake.

"Sukar... wen?"

Sukari iko wapi! Wiki nne na siku moja mtu hajasema neno, la kwanza analosema ni la kunilaumu kwamba sukari haitoshi!

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Yeye nusu ya uso wake ikacheka pia, ile nusu inayoweza.

Nimempigia Shallon. Hatukuongea, tulilia tu, salio likaisha.

Jumatano, 13 Agosti

Vijiko kumi na nne mchana. Jioni sita. Nimeongeza sukari.

Alhamisi, 14 Agosti

Victoria alikuja peke yake. Nikamwambia mlangoni, kabla hajakaa: Dada, amekula. Amesema.

Akaingia, akamtazama. Mogga alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Akatoka akasema, Mama Shallon, taa ikikaribia kuzimika huwaka kwanza. Usijidanganye.

Nilitaka kumvuta nje kwa kanga ya shingoni. Nikamwambia: taa ikikosa mafuta ndiyo inazimika, dada. Nyie mlikuja na mafuta? Mlikuja na gari!

Nikadhani atainuka aende. Badala yake akavua viatu, akakaa mkekani, miguu yake imevimba, na akaanza kusema kitu ambacho katika miaka yote hii sijawahi kukisikia. Kwamba baba yao alifia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, mvua ikinyesha. Kwamba walimzika upesi kwenye udongo wa watu, wakaweka fimbo, na yeye Victoria ndiye aliyeichomeka. Waliporudi miaka ile ya amani alikwenda kumtafuta. Pale mahali pamelimwa muhogo. Alitembea kwenye muhogo wa watu siku nzima akiuliza, hakuna anayejua.

Akasema: sitaki mwingine apotee. Mogga nitajua alipo.

Nilimwamini. Hakuwa mchawi, ni mtu amechoka kuzika. Nikampa maji.

Lakini nikamwambia, Dada, mimi pia najua Mogga alipo. Yuko chumbani. Barabara ile ya Ngangala itamuua kabla hamjavuka nusu, na mtakuwa mmemuua nyinyi, na wewe utajua hilo pia.

Akasema ukoo umeshakaa, gari limeshaombwa. Jumapili wanakuja watu wazima wanne na Pitia. Neno la ukoo halirudi nyuma kwa sababu ya mwanamke na sufuria.

Nikasema: basi njooni. Mtanikuta. Na sufuria mtaikuta.

Alipoondoka nikaingia chumbani. Mogga hakuwa amelala. Macho yamekaza dari, mkono wake wa kushoto umeshika shuka, umekunja ngumi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi. Nimempa kijiko ashike mwenyewe, mkono wa kushoto. Amekidondosha. Nimekiokota. Amekidondosha. Nimekiokota. Mara ya tano au ya sita amekitupa ukutani.

Vizuri! Mtu anayekubali kufa hatupi vijiko.

Nimeokota.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyaduoth ameniuliza kesho watakuja wangapi. Nikasema sita, saba, sijui. Akasema basi kesho sufuria ijae. Ataiwasha saa moja asubuhi, nusu ya simu zitangoja.

Nikamwambia wateja watakasirika. Akasema *khalas*, basi, wakasirike, simu haifi.

Nimefua shati jeupe la Mogga. Nimemnyoa. Kunyoa uso uliolala upande mmoja ni kazi, ngozi inakimbia. Alinitazama muda wote. Nikamuuliza: unataka kwenda Ngangala? Nijibu wewe. Kama unataka, nitakufungia nguo mimi mwenyewe na nitapanda gari na wewe.

Nilimaanisha. Nikashusha wembe, nikangoja.

Akatikisa kichwa. Kwa shida, kushoto, kulia, kushoto. Hapana.

Basi. Sasa sina ninachoogopa. Uongo, naogopa. Lakini naogopa nikiwa nimesimama.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja. Wako nje sasa hivi. Nimeingia jikoni kuchukua mabakuli, naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mkaa. Nisipoandika sasa nitasahau ilivyokuwa.

Pickup ilifika saa nane na nusu. Nyuma wametandika godoro. Godoro jipya, bado lina nailoni! Wazee wanne, Pitia, Victoria, mwanamke mmoja wa kuimba nyimbo za maziko, na dereva. Wamekuja na mwimbaji!

Walimkuta Mogga barazani. Nilimtoa tangu mchana, mimi na Nyaduoth, tukamkalisha kwenye kiti cha mbao chenye mikono, mto kulia, shati jeupe, viatu. Aliwatazama wakishuka mmoja mmoja. Nyaduoth akaweka sufuria mezani, na kitambaa chake, akasimama pembeni amekunja mikono. Hakualikwa na mtu na hakuondoka.

Mzee mmoja akaanza hotuba. Victoria akamkata. Akapiga magoti mbele ya kaka yake, akamshika ule mkono uliokufa, akamwambia kwa Kibari, polepole, hata mimi nikaelewa: twende nyumbani, mwana wa mama.

Injini ya gari inanguruma pale getini.

Mogga akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hini," akasema.

Hapa.

Pitia akasema huo ni ugonjwa unaongea, yeye hajui asemalo. Mogga akageuza uso wote — kazi kubwa hiyo, kugeuza uso wote — akamtazama mdogo wake kama alivyokuwa akiwatazama askari wa vizuizi barabarani.

"Hini, Pitia."

Jina la mtu! Amelitaja jina!

Nikampakulia. Sikumlisha. Niliweka bakuli mapajani mwake, nikampa kijiko mkono wa kushoto, nikarudi nyuma hatua mbili. Kijiko kikazama, kikapanda kinatetemeka, nusu ikaanguka kwenye shati jeupe. Nusu ikafika. Watu wote tukalitazama koo lake kama watu wanaotazama mwezi wa Idi. Likapanda. Likakaa. Likashuka.

Akazamisha tena.

Yule mwimbaji akasema kitu kwa Kibari, wazee wawili wakacheka kidogo. Dereva akazima injini. Sikumsikia mtu akimwambia azime.

Victoria bado alikuwa magotini. Akaniuliza bila kuniangalia: umetia nini humo?

Mchele, nikasema. Maziwa. Saa sita.

Akakaa chini kabisa, hapo hapo kwenye saruji, na nguo yake ya kanisani. Wazee wamejitenga kule kwenye ua, wanabishana. Mmoja anasema tumekuja na gari, tutarudije na godoro tupu. Mwingine anasema kwa sauti ya chini, siisikii. Godoro bado liko juu ya gari. Sijui itaishaje. Kama wakiamua kumbeba, wanaume watano bila dereva, sisi wanawake wawili, watambeba.

Lakini itabidi kwanza wamnyang'anye kijiko.

Ukimtoa Mogga, watu ni kumi, mabakuli nimepata matano. Watakula wawili wawili.

Pitia amechungulia jikoni. Uso wake umepungua ukubwa. Anauliza: shemeji, gari lisubiri au liende?

Nimemwambia, unaniuliza mimi, mtu wa Busia? Kamuulize mwenye nyumba. Yuko barazani, anakula.